Ardhi ina kovu, tujifunze kulisoma

Mbele ya nyumba ninayoishi, mafundi wa maji walichimba mtaro miaka miwili iliyopita. Walilaza bomba, wakafukia, wakashindilia udongo kwa miguu, wakaenda zao bila kuacha alama yoyote. Hata hivyo, leo hii mtoto wa darasa la pili anaweza kukuonyesha bomba lilipopita. Mvua ya kwanza iliufanya udongo ule ubonyee kama shavu la mgonjwa. Masika yalipokolea, nyasi zilizoota juu ya mtaro zikawa za kijani kibichi kuliko za pembeni. Kiangazi kilipoingia, zikawa za kwanza kukauka. Alfajiri yenye umande, mstari ule huonekana wote, kuanzia barabarani hadi kwenye mita.

Nauona kila ninapotoka kwenda kazini, na tangu nianze kufuatilia habari za mabomu ya kutegwa ardhini siwezi tena kuupita bila kusimama. Mtu anayefukia bomu hufanya kazi ileile ya fundi bomba. Anatifua, anaweka, anafukia, anasawazisha, halafu anaomba ardhi imfichie siri. Lakini ardhi haifichi kila kitu. Wazee wa kijijini hulijua kaburi lisilo na msalaba wala jiwe kwa kutazama tu jinsi udongo ulivyolala. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wao walimsema binadamu, nami naiona ardhi humo humo.

Siku hizi kovu hilo husomwa kutoka angani, kwa droni, kwa ndege na kwa setilaiti. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Elimu hii ni njema, na sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuisubiri ije kutoka ng'ambo. Ila tunaitwisha kazi isiyo yake. Tunataka itunyooshee kidole bomu lilipo, wakati kazi inayoiweza zaidi, na inayomfaa mkulima zaidi, ni kutuonyesha mahali ambapo bomu halipo.

Jinsi udongo unavyosema

Tazama ardhi ambayo haijaguswa kwa miaka mingi. Mvua imeipiga, upepo umeipangusa, vumbi laini limechukuliwa, na juu zimebaki chembe safi za mchanga, nyingi zikiwa za madini ya kwatzi. Ukichimba hapo, udongo wa chini hupanda juu na vumbi lake laini huzipaka zile chembe kama unga unavyopaka mikono ya mama anayekanda chapati. Kwa jicho huenda usione tofauti. Lakini kwatzi safi hutoa miale ya joto kwa namna yake ya pekee, hasa katika urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 10, na ikishapakwa vumbi, upekee huo hufifia. Kamera inayosoma mawimbi hayo huona duara hafifu pale ambapo wewe unaona uwanja mmoja.

Hiyo ni dalili moja. Ya pili hutoka kwenye bomu lenyewe. Fukia mfuniko wa ndoo ya plastiki mchangani ufukweni, kina cha vidole viwili, urudi saa sita mchana. Joto la jua likishuka mchangani hukutana na plastiki na kukwama, kwa hiyo mchanga ulio juu ya mfuniko huwa na joto zaidi ya wa jirani. Usiku mambo hugeuka: joto lililohifadhiwa chini haliwezi kupanda kupitia plastiki, na mchanga ule ule huwahi kupoa. Bomu, pamoja na baruti iliyo ndani yake, hufanya hivyo hivyo. Na kuna saa mbili katika kila siku, moja baada ya jua kuchomoza na nyingine karibu na kuzama, ambapo joto la sehemu zote mbili hulingana na kamera haioni chochote. Anayerusha droni hana budi kuzijua saa hizo kama mvuvi anavyojua maji kujaa na kupwa.

Jambo hili limeshafanywa, na limefanywa hapa hapa Afrika. Kaskazini mwa Chad, katika jangwa ambalo vita vya Chad na Libya vya miaka ya 1970 na 1980 viliacha mabomu mengi mchangani, shirika la Humanity & Inclusion lilirusha droni zenye kamera za joto na kuyaona mabomu yaliyolala humo zaidi ya miaka 30. Mteguaji aliyekuwa akienda kipofu sasa anaona kwenye picha pa kuanzia. Sitaki kupunguza uzito wa jambo hilo hata kidogo.

Kwetu si jangwani

Lakini Chad ya kaskazini ni mchanga mkavu usio na nyasi. Sasa chukua kamera ile ile uipeleke Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, au Kivu mashariki mwa Kongo, au Acholi kaskazini mwa Uganda. Nyasi zimempita mtu kimo. Moto wa nyika hupita kila mwaka na kuacha mabaka meusi yenye joto lake. Mchwa hupandisha udongo wa chini usiku kucha, na kwa kamera kichuguu kichanga hufanana na shimo la mtega bomu. Panya anachimba, nguruwe anafukua, ng'ombe anakanyaga, mkulima anapiga jembe. Kila mmoja wao anaitia ardhi kovu.

Na mvua, ambayo ndiyo uhai wetu, ndiyo pia ifutayo. Lile vumbi laini lililopanda juu huoshwa na mvua za majuma machache, na mchanga hurudi kuwa safi kana kwamba hakuna mkono uliopita. Hapa methali ya wafinyanzi inasema kweli tupu: udongo uwahi ungali maji. Kovu la bomu lililofukiwa wiki iliyopita husomeka. La bomu lililofukiwa mwaka 1984 limeshafutika.

Msumbiji ndiyo iliyoonja maana ya maneno hayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwaka kuanzia 1977 hadi 1992, juu ya mabomu ambayo Wareno walikuwa wameyaacha tangu vita vya ukombozi. Kazi ya kuyaondoa iliposhika kasi, udongo ulikuwa umeshasahau. Ilibidi watu wapige magoti.

Nani kati yetu amewahi kufikiria jinsi kazi ile inavyofanyika? Mteguaji huvaa aproni nzito na kioo cha uso, katika jua la Tete au Inhambane. Mbele yake kuna njia yenye upana wa mita moja, imewekewa kamba na vijiti vya rangi. Hupitisha kifaa cha kutambua metali juu ya udongo polepole, kulia, kushoto. Kikilia, hupiga goti na kuanza kuchokoa kwa mshazari, akiondoa udongo kidogo kidogo, bila kujua kama atakutana na bomu au msumari. Mara nyingi huwa ni msumari, kifuniko cha soda, ganda la risasi. Na kila mara lazima afanye kana kwamba ni bomu. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, kwa hiyo kifaa hulia hata pasipo na kitu. Kwa upande mwingine, bomu kama Type 72 la Kichina limetengenezwa karibu lote kwa plastiki, nalo linaweza kupitwa kimya kimya.

Ndiyo maana msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo wataalamu wengi wasingetazama. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na pale likawafundisha panya buku kunusa baruti. Asubuhi na mapema, chini ya milima ya Uluguru, panya hufungwa kamba iliyoshikwa na wakufunzi wawili na kutembezwa kutoka upande hadi upande, masikio na mkia vimepakwa mafuta ya kukinga jua. Akifika juu ya bomu lililozimwa ambalo limefukiwa kwa mazoezi, husimama, hunusa tena, halafu hukwaruza udongo kwa miguu ya mbele. Kifaa kidogo hulia "tiki" na panya hupewa kipande cha ndizi. Uzito wake ni kama kilo moja na kidogo, hautoshi kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi humaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha metali anaweza kuchukua hadi siku nne. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Alikufa Januari 2022 akiwa ameokoa watu ambao hata hawakujua kwamba wameokolewa.

Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza. Shirika la uteguaji la HALO Trust peke yake lilikuwa limeondoa zaidi ya mabomu 171,000. APOPO, kwa panya na watu, zaidi ya 13,000. Hakuna picha ya angani iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa kwa magoti, kwa pua na kwa subira.

Hofu nayo inalima shamba

Basi picha za angani zina faida gani kwetu? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie nami.

Bomu moja huua au kukata mguu mara moja. Hofu ya bomu huinyima kaya shamba kwa miaka 20. Mzee mmoja akikanyaga bomu pembeni ya mto, kijiji kizima huacha bonde lote. Hakuna ajuaye kama yako mabomu 50 au lilikuwa lile moja tu. Eneo huchorwa kwenye ramani kwa rangi nyekundu, na wekundu ukishaingia kwenye ramani ni mgumu kufutika. Utafiti uliofanywa Msumbiji mwaka 2001 ulitaja zaidi ya maeneo 1,300 yanayoshukiwa. Wachunguzi waliporudi baadaye, wakakaa na wenyeji na kuwauliza kwa makini, mengi yalifutwa kwa sababu hayakuwa na bomu hata moja.

Ukraine inaonyesha jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Ilisemwa kwamba kilomita za mraba 174,000 huenda zina mabomu. Hadi kufikia mwisho wa 2024 hesabu ilikuwa imeshuka chini ya 140,000, na hakuna jeshi la wateguaji duniani linaloweza kuchimba tofauti hiyo kwa muda mfupi namna ile. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilirudishwa kwa uchunguzi, kwa kuthibitisha kwamba haikuwa na tatizo.

Fikiria maana yake nyumbani. Mama aliyekuwa akichota maji mtoni sasa anazunguka kilima. Kijana aliyerithi ekari nne kwa baba yake hulima moja, iliyo kando ya nyumba, mpaka udongo umechoka na mahindi yanatoka kama vidole. Mbuzi wakiingia kwenye eneo la hofu, nani anawafuata? Mtoto ndiye anayefuata, kwa sababu mtoto ndiye mchungaji. Na mtoto akipoteza mguu, mguu wa bandia humpwaya au kumbana kila anapokua, kwa hiyo mzazi hulipia mguu mmoja mara nyingi.

Kwa mama huyo na kijana huyo, picha ya angani ina la kusema hata kama haioni bomu hata moja. Mfululizo wa picha za setilaiti wa miaka kumi utaonyesha kipande gani kimelimwa msimu baada ya msimu na ng'ombe wakapita juu yake, na kipande gani kiliachwa ghafla. Utaonyesha mahandaki ya zamani na kambi zilipokuwa, maana mabomu hayapandwi ovyo: hulindishwa kambi, daraja, kisima, nguzo za umeme. Utaonyesha pia njia ya miguu inayokwenda moja kwa moja halafu inapinda bila mto wala mwamba. Kona ile ni ushuhuda wa wanakijiji ulioandikwa kwa nyayo. Mchunguzi akishika picha hiyo mkononi, akaenda kumuuliza mzee wa hapo, "Babu, mbona mnapita huku?", atapata jibu ambalo kifaa cha metali hakina.

Naongeza onyo moja. Asitokee afisa akampa mkulima karatasi ya "eneo salama" kwa kutazama picha tu. Kanuni za kimataifa za uteguaji wa kibinadamu huzungumzia kusafisha ardhi hadi kina kama sentimita 13, na kina hicho hakifikiwi kwa kutazama kutoka juu. Picha inapunguza eneo la kutafutwa. Pale panapobaki na shaka, mbwa, panya na magoti ya mtu ndivyo vinavyomaliza.

Barabara za vumbi

Liko eneo moja ambako kovu la udongo bado ni bichi, nalo liko karibu nasi. Barabara za Mandera, Wajir, Garissa na Lamu nchini Kenya zimekuwa zikitegwa vilipuzi na Al-Shabaab kwa miaka mingi. Kusini mwa Mto Ruvuma, Cabo Delgado, ambako uasi ulianza Oktoba 2017, miaka miwili tu baada ya Msumbiji kutangaza kwamba imemaliza mabomu, vilipuzi vya kutengenezwa kienyeji navyo vimeingia barabarani. Familia za Wamakonde ziko pande zote mbili za mto ule. Msiba wa ng'ambo hulia na huku.

Hapa udongo hufukuliwa usiku, na gari hupita asubuhi. Droni iliyopiga picha ya barabara jana na kuipiga tena leo inaweza kuonyesha kipande kilichotifuliwa. Rada za setilaiti nazo, zikilinganisha picha za siku mbili tofauti, hutambua uso wa ardhi uliobadilika, ingawa haziwezi kusema kama ni kilipuzi, kundi la ngamia au tairi la lori lililokwama. Kwa hiyo anayeijua barabara, dereva wa basi na mchungaji, lazima awe sehemu ya kazi, na taarifa yake ipokelewe bila yeye kugeuzwa mshukiwa.

Nauliza: vifaa hivi vikifika, vitaanza kwa nani? Mazoea ni kuanza na misafara ya kijeshi. Sipingi askari kulindwa. Nao ni watoto wa watu. Lakini basi la abiria linapoacha kwenda Mandera, bei ya unga hupanda na walimu huomba uhamisho, na shule hubaki na madawati. Barabara ya mwalimu ni barabara ya taifa kama ile ya kamanda.

Tunavyo, havijakutana

Kinachonisikitisha zaidi si uhaba. Nairobi, eneo la Kasarani, kuna kituo cha kikanda cha uchoraji ramani na picha za setilaiti, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975. Nairobi hiyo hiyo, katika kambi ya Embakasi, kilifunguliwa mwaka 2005 kituo cha kimataifa cha kufundisha uteguaji wa mabomu. Morogoro kuna panya na watu waliofanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa walirusha droni na kuipiga picha Unguja na Pemba, shamba kwa shamba, paa kwa paa. Uganda, iliyotangaza kumaliza mabomu yake mwaka 2012, na Rwanda iliyoitangulia mwaka 2009, zina wateguaji wanaojua udongo wa milima na udongo wa mbuga.

Ninachopendekeza si kikubwa. Vituo hivi vipate viwanja vya majaribio katika udongo wetu wenyewe: mmoja kwenye udongo mwekundu, mmoja kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani, mmoja kwenye mchanga wa pwani. Yafukiwe mabomu yaliyozimwa, na pembeni yachimbwe mashimo matupu yafukiwe bila kitu. Halafu zipigwe picha kila wiki, masika na kiangazi, kabla ya moto wa nyika na baada yake, kwa miaka mitatu au minne. Tujue kovu hudumu siku ngapi katika kila udongo. Tujue saa gani ya asubuhi kamera huona na saa gani hudanganya. Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za jangwani au za theluji haiwezi kukijua kichuguu cha Songea mpaka ioneshwe.

Na nani atatufanyia kazi hiyo tusipoifanya? Mkataba wa Ottawa wa 1997 wa kupiga marufuku mabomu haya, ambao nchi zetu ni wanachama, umepata pigo. Mwaka 2025 Finland, Poland, Estonia, Latvia na Lithuania zilitangaza kujitoa kwa sababu ya hofu yao kwa Urusi. Fedha na wataalamu wa dunia wataelekea huko, na vifaa vitatengenezwa kwa ajili ya ardhi yao. Wakati huo Angola, ambayo vita vyake viliisha mwaka 2002, bado inachimba.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vituo na vyuo hivi, na mawaziri wanaowasimamia: andikianeni barua. Kiwanja cha kwanza kichimbwe kabla ya masika, ili mvua za kwanza zisitupite. Kasarani na Embakasi ziko katika jiji moja, na kutoka hapo hadi Morogoro ni safari ya siku moja kwa basi.